Metallica na misimu 72: utoto uliobaki kwenye magitaa

James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa, alitimiza miaka 18 tarehe 3 Agosti 1981. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, yeye na kijana wa rika lake kutoka Denmark, Lars Ulrich, walianzisha bendi ya hevi metali mjini Los Angeles wakaiita Metallica. Kati ya tarehe hizo mbili haikupita hata miezi mitatu. Nazitaja mapema kwa sababu albamu ya kumi na moja ya bendi hiyo, 72 Seasons, iliyotoka tarehe 14 Aprili 2023, imesimama juu ya hesabu hiyo: mwaka una misimu minne, miaka 18 ina misimu 72. Ukiifuata hesabu hadi mwisho, unakuta kwamba Metallica ndiyo kazi kubwa ya kwanza aliyoishika Hetfield baada ya utoto wake kwisha. Kwenye jalada la albamu kuna kitanda cha mtoto mchanga kilichoungua hadi kikawa cheusi.

Wakati wa kuitangaza albamu, Hetfield alieleza kwamba miaka hiyo ndiyo inayojenga nafsi zetu, za kweli au za bandia. Kwamba wazazi hutuambia sisi ni nani, nasi tunaamini. Na kwamba mengi tunayofanya ukubwani ni kuyarudia ya utotoni au kuyapinga. Wazee wetu walishasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ila methali hiyo inasema na mzazi, inampa onyo kabla mambo hayajaharibika. Hetfield anasema na yule ambaye malezi yake yamekwisha, yawe mema au mabaya. Albamu ilipotoka alikuwa na miaka 59, na swali lake lilikuwa hili: katika mzigo huu niliobebeshwa, wangu ni upi?

Imesemwa mara nyingi kwamba hii ni albamu ya uponyaji: mtu aliumia, akatibiwa, akaimba. Mimi siisikii hivyo. Ninachosikia ni mtu anayekiri kwamba huzuni imekaa naye muda mrefu mno, kiasi kwamba hana hakika ataishi vipi ikiondoka, maana hata kazi yake imelishwa na huzuni hiyohiyo. Kukiri namna hiyo ni kugumu kuliko kutangaza kwamba umepona. Ndiko kunakoipa albamu hii uzito kwa yeyote anayeijali afya ya akili, hata kama hajawahi kusikiliza hevi metali maishani mwake. Ina udhaifu wake pia, na si mdogo, nitaufikia.

Kwanza nyumba aliyotoka. Hetfield alizaliwa Downey, mji ulio pembezoni mwa Los Angeles. Baba yake, Virgil, alikuwa dereva wa lori. Mama yake, Cynthia, alikuwa mwimbaji wa opera nyepesi. Walikuwa waumini wa Christian Science, dhehebu lililoanzishwa na Mary Baker Eddy mjini Boston mwaka 1879, ambalo hutegemea sala badala ya dawa katika kukabili ugonjwa. Hetfield amesimulia jinsi alivyokuwa akitolewa darasani kila kilipofika kipindi cha afya, akawa mtoto wa ajabu machoni pa wenzake. Alipokuwa na miaka 13, baba aliondoka nyumbani. Alipokuwa na miaka 16, mama alifariki kwa saratani, na kwa sababu ya imani yake hakutaka matibabu ya hospitali.

Sisi husema mficha maradhi kilio humfichua. Katika nyumba ile kilio kilipofika hakikufichua maradhi peke yake. Kilimwachia kijana wa miaka 16 swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa tayari kulijibu: kama mama angepelekwa kwa daktari, je? Swali la namna hiyo haliishi. Mtu hulibeba shuleni, kazini, kwenye ndoa, kwenye chupa.

Amelibeba kwenye nyimbo pia, na wala hakusubiri uzee. Mwaka 1991, kwenye albamu iliyoifanya Metallica ijulikane dunia nzima, aliweka wimbo The God That Failed, uliojaa hasira dhidi ya imani iliyomnyima mama yake daktari. Mwaka 1996, kwenye albamu Load, aliimba juu ya mama na juu ya saratani. Mwaka huohuo baba yake naye akafariki, wakiwa wameshapatana. Kwa hiyo anayedai kwamba mwaka 2023 Hetfield alifungua moyo kwa mara ya kwanza hajausikiliza muziki wake wa nyuma. Mada ni ileile. Kilichobadilika ni mahali anaposimama kuitazama, na hilo linaonekana vizuri ukirudi mwaka 1984.

Januari 1984 bendi iliibiwa vyombo mjini Boston, kikiwemo kikuza sauti ambacho Hetfield alikipenda sana. Kutokana na siku zile ulizaliwa Fade to Black, wimbo wa albamu Ride the Lightning, ambao ndani yake mtu amekata tamaa ya kuishi na anaaga. Hetfield alikuwa na miaka 20. Hakuna faraja ndani ya maneno ya wimbo ule, hakuna rafiki anayebisha hodi. Hata hivyo, kwa miaka mingi wanabendi wamekuwa wakieleza kwamba hupokea barua za watu wanaosema wimbo huo ndio uliowashikilia wakabaki hai.

Inawezekanaje wimbo usio na tumaini ukampa mtu tumaini? Nadhani jibu liko kwenye muziki zaidi kuliko kwenye maneno. Asiyeizoea metali huisikia kama fujo. Ukikaa nayo unagundua kwamba ni miongoni mwa aina za muziki zenye nidhamu kali kupita kiasi. Mkono wa kulia wa Hetfield unajulikana kwa jambo moja: hupiga nyuzi kwa kushuka tu, tena kwa kasi, pale ambapo wapiga gitaa wengine hupanda na kushuka ili wapumzike. Kila pigo linalingana na jingine. Mtu aliyezama katika sonona mara nyingi hulalamikia vurugu ya kichwani, mawazo yanayozunguka bila mwanzo wala mwisho. Anapoisikia vurugu hiyo imepangwa, imepewa mapigo, ina mahali pa kuanzia na pa kuishia, anapata kitu ambacho maneno ya "jikaze" hayawezi kumpa. Anajua kuna mwenzake aliyefika hapo na bado alikuwa na nguvu ya kushika gitaa.

Jamii haikuona hivyo. Katika miaka ile ya themanini nchini Marekani metali iliburuzwa kila mahali. Mwaka 1985 Baraza la Seneti lilikaa kusikiliza malalamiko ya wazazi, na baada ya hapo rekodi zikaanza kubandikwa lebo za onyo. Mwimbaji Ozzy Osbourne alishtakiwa kwa madai kwamba wimbo wake ulimsukuma kijana kujiua. Mahakama za California zikayakataa madai hayo. Kisha ikaja kesi ya bendi ya Judas Priest, iliyosikilizwa Reno, Nevada, mwaka 1990, ambapo familia za vijana wawili zilidai kwamba ndani ya rekodi ya bendi hiyo kulikuwa na maneno yaliyofichwa yenye kushawishi kifo. Jaji aliamua kwamba bendi haikuwa na hatia. Siwabezi wazazi wale, kwani anayezika mtoto hutafuta sababu popote anapoweza kuipata. Lakini muziki uliolaumiwa ndio uliokuwa karibu peke yake katika kuzungumza na vijana juu ya hali waliyokuwa nayo. Tangu mwaka 1970, wakati Geezer Butler wa bendi ya Black Sabbath alipoandika maneno ya wimbo Paranoid akiwa kijana wa mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini Birmingham, metali ilikuwa ikiisimulia sonona kwa watu ambao hospitali na kanisa hazikuwa na la kuwaambia.

Tuje mwaka 2001, ambapo Metallica nusura ivunjike. Januari mpiga besi Jason Newsted aliondoka. Julai Hetfield akaingia kwenye kituo cha tiba ya uraibu, na kazi ya kurekodi ikasimama. Aliporudi mwaka uliofuata aliruhusiwa kufanya kazi kwa saa nne tu kwa siku, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, na alitaka wenzake nao waache kazi muda huo ukiisha. Yote hayo yamo kwenye filamu ya Joe Berlinger na Bruce Sinofsky iliyotoka mwaka 2004, pamoja na vikao vya bendi na Phil Towle, mshauri aliyekuwa akilipwa dola 40,000 kwa mwezi kuwasaidia wazungumze bila kurushiana makombora. Watu waliwacheka sana wakati ule. Wanaume matajiri wa metali, wameketi mezani wanalia! Nikiitazama leo naona ujasiri ambao ulitangulia wakati wake. Mwanzoni mwa karne hii wanaume wa aina ile hawakuwa wakionekana hadharani wakisema "unaniumiza" na "naogopa".

Albamu iliyotokana na kipindi hicho, St. Anger ya Juni 2003, haisikilizwi kwa raha. Haina hata solo moja ya gitaa, na dramu inalia kama debe tupu. Ni sauti ya mtu aliye katikati ya tiba: amejifunza msamiati mpya wa kueleza hisia, na anaupiga kelele kabla haujamkaa moyoni. Hasira imetajwa kwa jina, imeruhusiwa itoke, lakini haijaulizwa imetoka wapi. Ndiyo maana ninaiona 72 Seasons kuwa jibu la albamu ile, miaka ishirini baadaye.

Katikati ya albamu hizo mbili kuna tukio ambalo wapenda hadithi za uponyaji hulipita haraka. Septemba 2019 bendi iliahirisha ziara ya Australia na New Zealand kwa sababu Hetfield alikuwa amerudi kwenye tiba. Baada ya karibu miaka 18 ya jitihada, uraibu ulikuwa umerejea. Yeyote aliyeishi na ndugu mwenye uraibu au mwenye sonona anaijua hali hii: mtu anasimama, mnafurahi, mnaanza kusahau, kisha mnaamshwa usiku. Ugonjwa wa namna hii hauna siku ya mwisho inayoweza kuandikwa kwenye kalenda. Na mtu aliyerudi kwenye tiba akiwa na miaka 56, akiwa na kila kitu ambacho fedha inaweza kununua, hawezi tena kujidanganya kwamba tatizo ni ujana, au safari, au marafiki wabaya. Analazimika kurudi nyuma zaidi, hadi kwenye kile kitanda cha mtoto.

Tarehe 12 Mei 2022, mjini Belo Horizonte, Brazil, Hetfield alisimamisha onyesho akawaambia maelfu ya watu kwamba kabla ya kupanda jukwaani alikuwa na wasiwasi, akijiona mzee asiyeweza kupiga tena. Akasema aliwaambia wenzake, nao wakamkumbatia na kumwahidi kwamba akikwama watamshika. Kisha wenzake wakamjia palepale jukwaani wakamkumbatia tena. Akaongeza kwamba akiwatazama mashabiki haoni kwamba yuko peke yake, na wao pia hawako peke yao. Nimeitaja siku hiyo kwa sababu wakati ule albamu ilikuwa ikitengenezwa, na kwa sababu inaonyesha jambo ambalo albamu yenyewe inalisema kwa namna yake: tiba ya mtu huyu, kama ipo, ni watu.

Sasa albamu. Nyimbo 12, dakika 77, mtayarishaji Greg Fidelman. Mbegu zake zilipandwa wakati wa janga la korona, wanabendi wakitumiana vipande vya muziki kwa mbali. Wimbo unaobeba jina la albamu unafungua kwa kasi na kwa dakika zaidi ya saba, ukieleza hasira inayozaliwa mtu akiwa bado hana uwezo wa kuchagua. Unaofuata ni wa vivuli vinavyomfuata mtu kila anapokimbilia. Wa tatu ndio uliozua mazungumzo mengi zaidi.

Huo ni Screaming Suicide, uliotolewa peke yake Januari 2023. Hetfield alieleza kwamba alitaka kulitaja waziwazi neno ambalo watu huliogopa, na kuzungumza juu ya giza ambalo mtu huhisi ndani yake, kwa kuwa kudai kwamba mawazo hayo hayapo ni kujidanganya. Ndani ya wimbo anayezungumza ni lile wazo lenyewe: wazo la kujiua limepewa sauti, linajitambulisha, linaomba lisikizwe na lisifichwe. Ni hatua ya hatari kisanaa, kwani ukikosea kidogo utaonekana unalitukuza. Naona Hetfield amefaulu. Wazo linapozungumza kwa mdundo wa haraka kiasi kile, linapoteza ule utulivu wa kutisha ambao hulipa nguvu usiku wa manane. Linageuka kuwa kitu unachoweza kukitazama usoni.

Hapa lazima nitoke kidogo California. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na sehemu kubwa yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika Mashariki ukimya juu ya jambo hili umelindwa na sheria yenyewe. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu hadi Januari 2025, pale Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoamua kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Tanzania ina kifungu cha 217 chenye mzizi uleule wa kikoloni. Fikiria mzazi ambaye mwanawe ameokolewa usiku. Amkimbize hospitali, wakati anaogopa kwamba atakayemfuata wodini ni polisi? Wimbo wa kelele wenye neno hilo kwenye jina lake unaweza kuonekana ni utovu wa adabu kwa wengi wetu. Kwangu mimi una adabu kuliko ukimya huo. Na asitokee wa kuniambia kwamba metali ni mambo ya Wazungu: Nairobi ina wanametali wake tangu zamani, na albamu ya mwaka 2020 ya Duma, kundi la Martin Khanja na Sam Karugu, ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kusikilizwa mbali sana na hapa.

Nirudi kwenye albamu, na kwenye udhaifu niliouahidi. Albamu hii inadai kuwa juu ya utoto, lakini utoto wenyewe haumo katika maneno yake. Nimeitafuta Downey sikuiona. Lori la baba halimo, sauti ya mama akiimba haimo, darasa ambalo mtoto alitolewa halimo. Kuna giza, kuna mwanga, kuna moto, kuna kivuli, kuna taji, kuna minyororo. Maneno makubwa yanayoweza kuwa ya mtu yeyote, yanarudi wimbo baada ya wimbo hadi yanachakaa. Chasing Light na Crown of Barbed Wire zimeumia zaidi kwa kasoro hii. Nazisikiliza na dakika chache baadaye sikumbuki zilikuwa zinamhusu nani. Mwandishi yuleyule, mwaka 1991, alikuwa na ujasiri wa kuielekeza hasira yake kwa imani iliyotajika na kifo kilichotajika. Sonona inaposimuliwa kwa alama tupu huwa nyepesi. Kinachomgusa msikilizaji ni kitanda fulani, saa fulani, neno fulani alilosema mama.

Lakini baada ya kusikiliza kwa makini nimekuja kuamini kwamba utoto umo, ila umehamia kwenye muziki. Sikiliza Lux Æterna, wimbo mfupi kuliko zote, dakika tatu na nusu hivi. Ule ni mtindo wa bendi za Uingereza za mwishoni mwa miaka ya sabini, zile ambazo Hetfield na Ulrich walizipenda kabla hawajawa na kitu. Ulrich alikwenda Uingereza katika kiangazi cha 1981 akaifuata bendi ya Diamond Head, akarudi Los Angeles, ndipo yeye na Hetfield wakaanzisha bendi yao. Kuna hata kifungu cha maneno kilichorudi kutoka albamu yao ya kwanza ya mwaka 1983. Karibu albamu nzima iko hivyo: mapigo, mwendo, namna gitaa mbili zinavyokwenda sambamba, vyote vinarudi kwenye sauti aliyokuwa akiisikia kijana wa miaka 17 aliyekwisha kufiwa na mama. Hakuweza, au hakutaka, kutuonyesha nyumba. Ametusikilizisha kile alichokuwa akikisikiliza ndani yake.

Na Lux Æterna inahusu nini? Ni wimbo wa shangwe juu ya watu waliokusanyika mbele ya jukwaa, kelele zao zikiwa wokovu. Hapo unaelewa kilichotokea Oktoba 1981. Misimu 72 ilikwisha, nyumba ilikuwa imeshavunjika, na kijana akajitafutia nyumba nyingine. Ziara iliyofuata albamu, iliyoanzia Amsterdam Aprili 2023, ilitumia jukwaa la duara lililo wazi katikati, na mashabiki wakasimama humo, wamezungukwa na bendi. Sidhani kwamba ni mbwembwe za jukwaa peke yake. Wanabendi wakigeuka upande wowote wanawakuta watu.

Nyimbo mbili za mwisho kabisa ndizo zinazoipandisha albamu hii juu ya nyingine zote walizotoa tangu miaka ya tisini. Kabla yake kuna If Darkness Had a Son, unaohusu uraibu na ambao unalirudia neno la kishawishi hadi linakuwa kero. Kero hiyo nadhani imekusudiwa, kwani kishawishi chenyewe hakina hoja mpya hata siku moja. Kinarudi na hoja ileile hadi uchoke. Kisha Room of Mirrors: mtu amejifungia kwenye chumba cha vioo na anajiona mwenyewe kila upande. Kilichonigusa humo ni swali analowageukia wengine nalo. Anavua kila kitu, anaonyesha kasoro zake, anauliza kama watamhukumu au watampokea. Hajui jibu, na wimbo haumpi.

Halafu Inamorata, zaidi ya dakika 11, mrefu kuliko wimbo wowote ambao Metallica imewahi kurekodi kwenye albamu zake. Jina ni neno lenye asili ya Kiitaliano la mwanamke apendwaye. Mpenzi mwenyewe ni huzuni. Hetfield anaimba juu ya taabu kama mtu anavyoimba juu ya mpenzi ambaye ndugu wote wamemwambia amwache, naye anaujua ubaya wake, na kila jioni anarudi kwake. Anakiri kwamba yeye ndiye anayemhitaji zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wazee. Huyu amekijua, amekiona, na bado hajaivua nguo.

Katika nyimbo nyingi za sonona, ugonjwa ni adui anayekuja kutoka nje, na aliyeugua hana lawama yoyote. Kuna haja ya kusema hivyo, hasa kwa watu waliozoea kuambiwa kwamba ni wavivu au wamelogwa. Lakini wanaofanya kazi ya tiba wanajua kuna sehemu nyingine ngumu zaidi, nayo ni kule kuizoea hali. Huzuni ya muda mrefu ina starehe yake. Inakupa sababu ya kutopokea simu. Inakupa jina. Kwa Hetfield ilimpa zaidi ya hapo: ilimpa nyimbo, mashabiki, maisha mazima. Akiponywa kabisa, ataimba nini? Sijasikia mwanamuziki wa hadhi yake akiliuliza swali hilo waziwazi namna hii. Katikati ya wimbo magitaa yananyamaza, besi ya Robert Trujillo inabaki ikitembea polepole, na kwa muda mwimbaji hana kelele za kujifichia. Kisha magitaa yanarudi, mazito vilevile. Akikaribia mwisho anajaribu kusema kwamba huzuni siyo sababu ya yeye kuishi. Sauti yake hapo si ya ushindi. Ni ya mtu anayejaribu kuona kama maneno hayo yanaweza kusimama.

Wapo waliolalamika kwamba albamu ni ndefu na inajirudia. Kuhusu nyimbo mbili tatu za katikati nakubaliana nao. Zingeondolewa, na hakuna ambaye angezililia. Inamorata siipunguzi hata dakika moja. Urefu wake ndio hoja yake, kwa kuwa mazoea ya miaka 40 na zaidi hayawezi kuelezwa kwa dakika tatu, na kurudi kwa kile kipande kizito cha gitaa mara baada ya mara kunamfanya msikilizaji aihisi ile hali ya kurudi palepale.

Ninachomdai Hetfield ni kitu kimoja. Sasa amevuka miaka 60, na ameshatuambia kwamba utoto ndio chanzo, ameshatuambia kwamba huzuni ameipenda. Kama kutakuwa na albamu nyingine, aiandike Downey yenyewe, kwa majina na kwa vitu: mwaka aliokuwa na 13, mwaka aliokuwa na 16, nani alikuwa sebuleni na nani alikaa kimya. Mwandishi aliyeweza kuiandika Inamorata hana tena sababu ya kulitumia neno giza pale ambapo angeweza kumtaja mama yake.